Shauri la Verediana na Baraza Lililofagiwa

Verediana binti Kalinga alikuwa na sauti. Kwenye vilima vya juu ya Kalenga watu husema kwamba akiwaita mbuzi wake jioni, mbuzi wa Tosamaganga nao walikuwa wakikata kamba na kuja, hata misheni ya huko ikabidi itoe mtu wa kwenda kuwarudisha kila Jumamosi. Husema pia kwamba chui aliingia zizini kwake mwaka wa nzige, Verediana akamkaripia mara moja tu, na yule chui akatoka kainamisha kichwa, akahamia Usangu, na huko hajagusa mbuzi wa mtu mpaka leo. Asiyeamini aende Usangu akamwulize.

Mwanamke mwenye sauti ya namna hiyo haolewi upesi. Vijana wa Kihehe walimpenda, lakini walimpenda kutoka ng'ambo ya mto. Miaka ikapita, wenzake wakawa mama fulani na mama fulani, yeye bado anaitwa binti Kalinga. Kisha akaja Anyitike, Mnyakyusa, kibarua wa barabara, na alikuja kwa baiskeli.

Baiskeli ile ndiyo iliyozaa mambo yote, kwa hiyo ni vizuri ijulikane ilitoka wapi. Ilitoka kwenye ng'ombe. Kaka yake Anyitike, jina lake Yotamu, alikuwa mkulima wa viazi kwenye vilima vya nyuma ya Mbeya, mtu wa kanisa, asiyecheka ovyo. Alimpa mdogo wake ng'ombe wawili akamwambia: nenda huko kwenye barabara yako, ukimpata mke, uoe kwa heshima. Anyitike akawaswaga ng'ombe wale pamoja na rafiki yake Fanueli mpaka Igawa. Pale Igawa akamkuta Msangu mmoja ana baiskeli nyeusi yenye kengele. Ng'ombe wakabaki Igawa, kengele ikaja Iringa. Ilipolia mara ya kwanza kule vilimani, wazee walivua kofia wakidhani ni serikali, na kuku wakakaa wiki nzima hawajataga.

Fanueli, aliyekuja amekaa nyuma kwenye kiti cha mizigo, ndiye aliyekuwa mshenga. Alikaa mbele ya mzee Kalinga, baba yake Verediana, akasema ng'ombe watakuja. Mzee Kalinga alikuwa mtu mpole. Tena binti alikuwa na umri, na sauti ilikuwa vilevile. Akasema haya, na waje, na mpaka watakapokuja watoto watakaozaliwa ni wa nyumba hii. Fanueli akaitikia, Anyitike akaitikia, pombe ya ulanzi ikanywewa, mambo yakawa yamefungwa.

Ng'ombe hawakuja. Huku Iringa walijua wako njiani. Kule Mbeya Yotamu alijua wamefika zamani. Anyitike alikaa katikati akapiga kengele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mke wake, alimpikia uji alipoumwa, na watu walipomcheka kwa kupika alisema yeye ni fundi wa barabara na uji nao ni kazi ya kusawazisha. Mimba za Verediana ziliharibika moja baada ya nyingine, mpaka akazaliwa msichana aliyebaki. Baba akampa jina la kwao, Sekela, yaani furahi. Wakati huo baiskeli ilikuwa imekwisha kufa mteremkoni, na gurudumu lake moja likawa la kuanikia kunde.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa baridi, Anyitike alishikwa na kichomi akafa. Mzee Kalinga alikuwa ametangulia. Sekela alikuwa mdogo, wa kuuliza baba atarudi lini na kusahau jibu.

Yotamu akaja msibani. Alilia kama ndugu anavyolia, akachimba kaburi kwa mikono yake, akakaa mpaka matanga yakaisha. Ndipo akasema, kwa adabu, kwamba atarudi nyumbani na mtoto wa marehemu. Verediana akadhani amesikia vibaya.

"Shemeji, mtoto wa kwenda wapi?"

"Kwetu. Ng'ombe zetu zilikuja hapa. Mtoto ni wa kwetu, nawe ukitaka kuja, nyumba ipo."

"Ng'ombe gani, shemeji?"

Yotamu alimwangalia kwa huruma, akidhani ni kilio kimemchanganya. Verediana naye alijua habari za baiskeli, maana mume wake alimwambia siku moja akicheka, lakini hakuweza kuifungua siri ya marehemu mbele ya kaka yake, na udongo wa kaburi haujakauka. Akasema tu kwamba ng'ombe hawakufika. Yotamu akasema walifika. Hapakuwa na matusi. Wakaenda barazani.

Baraza la pale lilikuwa chini ya mzee Abrahamu na wazee wenzake wawili. Abrahamu alikuwa mtu mwema. Hilo ni lazima lisemwe, maana yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine. Alisikiliza mashauri kama mtu anayechambua mchele. Akasikiliza upande huu na upande huu, akasema jambo la ng'ombe wa mahari halina shida, mwenye kujua ni mshenga, na mshenga yuko hai. Neno lake ndilo litakalokata. Aitwe Fanueli, na mpaka afike, mtoto akae kwa mama yake. Yotamu akaridhika. Akapata mahali pa kulala kwa mtu wa kwao aliyekuwa Mlandege, mjini Iringa, akangoja.

Fanueli alikuwa Mbeya akipasua mbao. Alikuwa anaishi mji uleule Yotamu alikouzia viazi, lakini tangu siku zile za Igawa kila akimwona Yotamu sokoni, yeye alipita nyuma ya maduka. Ujumbe alipelekewa na Sadrudin, mwenye duka pale Mlandege, aliyekuwa na lori la kwenda Mbeya na kurudi. Lori hilo lilikuwa zee kiasi kwamba kwenye milima ya Mbeya abiria walishuka, wakatangulia, wakapika, wakala, ndipo likafika. Sadrudin akasema atamtafuta Fanueli mwenyewe na kumwambia njoo, Mama Sekela anakuhitaji.

Basi wakati wanangoja, ikaja habari. Huko Dar es Salaam kulikuwa na mkubwa mmoja aliyekuwa juu ya mabaraza yote ya wenyeji nchini. Watu wakamwita Mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majimbo na kuona kama mabaraza yanatoa haki, na safari hii alikuwa anakuja Nyanda za Juu, ataanza na vijiji vya Iringa, kisha Mbeya. Ilisemekana kwamba kwenye baraza moja la mbali alikuta mashauri yamelala kama nguo za kufua, na mzee wa baraza lile sasa analinda bustani ya kabichi. Huenda haikuwa kweli. Lakini Abrahamu hakupata tena usingizi kwa sababu ya kabichi zile.

Ikafagiwa. Nyasi zilikatwa mpaka panya wakakosa pa kujificha wakahamia shuleni. Kuta zikapakwa udongo mweupe. Viti vikaazimwa kanisani. Picha ya Malkia ikateremshwa, ikafutwa uso, ikarudishwa. Na ulipokwisha uwanja na kuta, Abrahamu akaangalia ndani akaona bado kuna uchafu: mashauri yasiyokwisha. Mwenye nyumba haachi vyungu vya jana jikoni mgeni akaviona. Wazee wakakaa asubuhi moja, wakayafagia. Ugomvi wa mpaka wa shamba uliokuwa na umri wa kuoa ukakatwa kabla ya chai kupoa. Mbuzi aliyegombewa na watu wawili wote wakapewa, na inasemekana alikufa kwa kutojua alale wapi.

Verediana aliitwa katikati ya fagio hilo. Fanueli hajafika. Abrahamu akasema, bila kumwangalia, kwamba kwa kuwa mshenga hakuonekana, na kwa kuwa mwenye kusema ng'ombe walitolewa ni kaka wa marehemu, mtu mzima na wa kanisa, basi mtoto ni wa upande wa baba. Watu waliziba masikio wakingoja sauti. Haikuja. Verediana alikuwa ameshika ukuta, udongo mweupe umemwingia kwenye vidole.

Abrahamu akainuka, akamfuata nje.

"Binti Kalinga, usitutazame hivyo. Hatujakunyima haki. Tumeliondoa njiani tu, mgeni apite. Mwenyewe atauliza nani hakuridhika. Hapo useme. Atatuambia tulisikilize upya, nasi tutalisikiliza taratibu, Fanueli akiwapo."

"Na mtoto, baba?"

"Mtoto haendi leo wala kesho. Yotamu ni mwelewa. Ngoja mgeni."

Verediana akaamini, kwa sababu na Abrahamu mwenyewe aliamini.

Mkaguzi akaja kwa gari aina ya Landrova, lina vumbi la wilaya nzima. Alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, mwenye miwani, na mkalimani wake alikuwa kijana wa Mbeya aitwaye Mika, aliyevaa suruali iliyopigwa pasi hata ingeweza kukata nyasi. Watu walijaa. Wanawake walikuwa wameanza kupika tangu alfajiri nyumbani kwa Abrahamu, na Verediana alikuwa miongoni mwao. Kuku aliyekuwa chunguni alikuwa wake, jogoo wake wa pekee. Alipanga kila kitu kichwani. Mkaguzi atakaa, atakula, atalala kwenye hema lake pale chini ya kanisa, na asubuhi atamwambia.

Maana kwenye vilima vile mgeni akifika haambiwi neno zito. Anapewa kiti, anapewa maji, anaulizwa habari za njiani, na akiuliza habari za hapo anaambiwa njema, hata kama ndani mna maiti. Akishakula, akishalala, kesho yake ndipo mwenye nyumba anakohoa na kusema: sasa, mgeni wetu, kuna jambo. Kumbwagia mtu malalamiko yeye bado ana vumbi ni kumwambia rudi ulikotoka.

Mkaguzi hakukaa. Alisimama, akaangalia baraza, akauliza wazee maswali machache, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akawageukia watu, na Mika akatafsiri kwa sauti kubwa kwamba Bwana anauliza, je, yupo mtu yeyote ambaye hakuridhika na hukumu za baraza hili.

Watu wote wakatabasamu. Wakajibu kwamba hapana, Bwana, habari za hapa ni njema.

Verediana alikuwa kasimama karibu na mlango, mikono inanuka kitunguu. Abrahamu alimwangalia. Akakohoa kidogo, kama kumwambia sema. Lakini hata yeye hakuweza kusema zaidi ya kukohoa. Mwanamke aliyefukuza chui akafungua mdomo, akaona vumbi kwenye nyusi za Mzungu, midomo imekauka kwa jua, akaufunga. Alijiambia kwamba chungu kinakaribia kuiva.

Mkaguzi akashukuru. Akanywa chai yake mwenyewe iliyokuwa kwenye chupa, amesimama, akaandika kidogo, akasema kwa kinywa cha Mika kwamba katika safari zake zote hajaona baraza safi kama hili. Kisha akaingia garini, maana alitaka kulala Sao Hill na kesho awe Mbeya. Mwanamke mmoja alikimbia nyuma ya gari ameshika sahani ya ugali na kuku. Gari halikusimama.

Abrahamu alikaa kwenye kizingiti akasema, "Ameondoka bila kula," kama mtu anayetangaza msiba, na watu wakatawanyika wakinong'ona. Verediana alikuwa bado ameshika mwiko.

Akamwacha Sekela kwa dada yake, akashuka mpaka Mlandege, akapanda lori la Sadrudin juu ya magunia ya chumvi. Njiani alimwuliza Sadrudin kama alimpata Fanueli. Sadrudin akashangaa. Akasema alimpata, tena alimchukua mwenyewe kuja Iringa wiki ile iliyopita. Walipofika Chimala wakakutana na madereva wanaotoka Iringa, wakawaambia kwamba baraza la kule limemaliza mashauri yote, hakuna lililobaki. Fanueli akasema, basi kama limekwisha, limekwisha vizuri, kwa sababu ng'ombe hawakwenda na kila mtu anajua. Akashuka, akapanda lori la kurudi. Sadrudin aliyasema haya huku mikono ikibana usukani, na mbele kidogo akaongeza kwamba angemzuia, angemzuia tu, lakini naye alifurahi kusikia limekwisha.

Mbeya ilikuwa ya baridi ile ambayo watu husema humgandisha mwongo mdomoni akashindwa kumalizia. Fanueli alipomwona Verediana mlangoni pa karakana alijua. Aliweka msumeno chini. Hakuuliza kitu, akavaa koti, wakapanda pamoja mpaka boma la Mkuu wa Jimbo, ambako Mkaguzi alikuwa akikaa siku zile. Wakangoja barazani pa boma, na Mika akawaona. Alimkumbuka Verediana kwa jogoo, maana harufu ya chungu kile ilimfuata hadi Sao Hill. Akawaingiza.

Verediana alisema yote, na safari hii hakungoja mtu apumzike. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, na Mika akaleta.

"Bwana anasema alisimama pale na kuuliza mbele ya watu wote. Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nilikuwa mlangoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Bwana alikuwa hajala."

Mika alikuwa mtoto wa vilima kama hao wengine, na aliijua maana yake yote. Alipoanza kutafsiri alitumia maneno mengi zaidi ya yale aliyopewa. Mkaguzi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema polepole kwamba yeye hakati mashauri. Yeye anaangalia mabaraza yanavyofanya kazi. Hukumu hawezi kuigusa, maana akiigusa moja njiani, hakutakuwa tena na baraza. Rufani inaanza Iringa, kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na ikishindikana inakuja hapa Mbeya kwa Mkuu wa Jimbo. Akasema anasikitika. Uso wake ulionyesha kwamba ni kweli.

"Mwambie arudi," Verediana akamwambia Mika. "Safari hii nitasema kabla hajashuka garini."

Hilo Mika hakulitafsiri.

Aliporudi Iringa, dada yake alikuwa amekaa nje, amejifunika kanga kichwani. Yotamu alikuwa amekuja na tarishi wa baraza. Alikuwa amesikia kwamba shemeji yake amekwenda Mbeya kwa wakubwa, akaogopa kwamba mtoto atafichwa. Naye hukumu anayo. Hakumvuta mtoto. Alimnunulia kofia ya sufu kwa ajili ya baridi, akambeba mgongoni mpaka kwenye basi. Sekela alifurahi kwa sababu ya basi. Dada alisema alipunga mkono.

Siku ile ndiyo sauti ya Verediana ilitoka. Watu wa Kalenga wanasema ilifika mpaka Mbeya ikavunja kioo cha boma. Haikufika. Ilifika mtoni, ikaishia pale.

Rufani ya Iringa ilisikilizwa baada ya mvua za masika. Bwana Shauri alikuwa kijana, mpya, mwenye haraka ya kutokosea. Mbele yake kulikuwa na maneno ya Mkaguzi: kwamba baraza la pale juu ya Kalenga ndilo bora, mashauri yake yamemalizwa, na wananchi walipoulizwa walisema wameridhika. Akamwuliza Verediana kama siku hiyo alikuwapo. Akasema alikuwapo. Mzee Abrahamu alisimama bila kuitwa, akasema kosa ni lake, alifagia shauri lisilofagika. Kijana akamwangalia, akaangalia yale maneno ya Dar es Salaam, akaona ni mzee mwenye huruma anayetaka kumsaidia mama anayelia. Hukumu ya baraza ikabaki.

Abrahamu aliacha uzee wa baraza mwaka huohuo. Hakuna aliyemfukuza. Alisema tu macho yamechoka.

Ya Mbeya ilichukua muda mrefu zaidi. Iliahirishwa, ikapotea, ikapatikana, Mkuu wa Jimbo akabadilishwa, aliyekuja akaanza upya. Verediana alilima, akauza mbuzi kwa ajili ya nauli, akaenda, akaambiwa mwezi ujao. Mbuzi wakaisha. Fanueli alikuja kila alipoitwa, hata siku ambazo hakuitwa. Ilikuwa hamsini na saba waliposikilizwa.

Siku hiyo Fanueli alieleza habari ya Igawa. Alieleza kengele, na jinsi Anyitike alivyopanda akaanguka, akapanda tena, na ng'ombe wale wawili wakimtazama. Baraza zima la boma lilicheka, hata karani. Yotamu ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na Verediana aliona uso wake ukizeeka pale pale. Miaka yote alimwombolezea mdogo wake kama mtu aliyeoa kwa heshima. Alipoulizwa kama ana la kusema, akasema hana, na kwamba kama angejua asingemchukua mtoto wa watu.

Mkuu wa Jimbo akasema mtoto ni wa mama. Akaagiza aletwe ndani.

Sekela aliingia ameshikwa mkono na Atuganile, mke wa Yotamu, mama mnene mwenye macho mekundu kwa kulia. Alikuwa amerefuka. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, mapya yameanza kuchungulia. Verediana alimwita jina lake, akamsemesha Kihehe, maneno yale ya kumwamsha asubuhi. Mtoto akamwangalia, akamgeukia Atuganile, akasema kitu kwa Kinyakyusa. Verediana alikijua Kinyakyusa kidogo tu, cha kusalimu na cha kukaripia ng'ombe. Mume wake alikuwa akisema naye Kiswahili. Akamwangalia mkalimani wa boma.

Mkalimani akatazama chini. Kazi yake ilikuwa kuwatafsiria Wazungu.

"Amesema nini?" Verediana akauliza.

"Mtoto anauliza, huyu mama analilia nini."

Mkuu wa Jimbo akasema anaweza kuondoka na mwanawe leo hii. Nje lori la Sadrudin lilikuwa linangoja, na Sadrudin alikuwa ametandika blanketi mbele kwa ajili ya mtoto. Verediana alitoka amemshika Sekela mkono. Mtoto alikwenda bila kubisha, kama mtoto aliyefunzwa kutii wakubwa, ila alikuwa anatetemeka, na kila hatua aligeuka kuona kama Atuganile anakuja. Pale kwenye ngazi ya lori Verediana alisimama. Alisimama kwa muda hata Sadrudin akazima injini.

Mara ya kwanza mtoto alitolewa kwa mama anayemjua, na mkono uliomtoa ulikuwa wa Yotamu. Mara hii ya pili mkono utakuwa wake yeye.

Akamrudisha. Akamwambia Yotamu, "Shemeji, hukumu ninayo. Mtoto akae kwanza." Yotamu akataka kupiga magoti, akamzuia. Sadrudin akakunja blanketi, akaenda Iringa peke yake, na mwaka mzima hakukubali nauli ya mtu yeyote wa kutoka juu ya Kalenga.

Huko Dar es Salaam shauri lile lilihesabiwa miongoni mwa yaliyokwisha vizuri. Baraza la kijiji lilikosea, Mkuu wa Jimbo akasahihisha, haki ikapatikana, mama akapewa mwanawe. Ni kweli yote hayo.

Verediana hakurudi Kalenga. Alipata chumba Mbeya, si mbali na soko, akawa anauza maharage, na wateja walisema wakati wa mvua akinadi bei, mawingu yalisogea kando wamsikie vizuri. Jumapili baada ya ibada Atuganile alimleta Sekela, wakakaa kwenye benchi la nje watatu, mtoto katikati. Atuganile hakuwa mchoyo. Alimwambia mtoto amwite mama, na mtoto alimwita, kama anavyoita wanawake wote.

Jumapili moja Atuganile alikuwa ameingia dukani kununua sabuni. Sekela akamwuliza Verediana, kwa Kiswahili cha adabu, atarudi kwao lini.

"Sirudi," Verediana akasema.

Mtoto akafikiri. Akauliza kama huko kwao hakuna watu wanaomngoja.

"Hakuna."

Sekela akamwonea huruma. Akasogea kidogo kwenye benchi, akakaa karibu naye.